Roshani ilivuja misimu mitatu kwa sababu nilihangaika na grauti

Nyumba yetu ya Tegeta ni ya ghorofa moja, na juu ya chumba cha mama ndipo ilipo roshani ya marumaru. Kwa misimu mitatu ya mvua mama alikuwa na utaratibu wake. Wingu likifunga upande wa bahari, anasukuma kitanda kuelekea dirishani na kutega beseni palepale, bila hata kuangalia dari. Yeye alishazoea, mimi ndiye niliyekuwa naona aibu.

Fundi wa kwanza alipanda, akachuchumaa, akakwaruza grauti, yaani kile kijazio cha mistari kati ya marumaru, kwa ufunguo wa pikipiki. Ukatoka unga. "Dada, hii grauti imekufa. Tunakwangua yote, tunajaza mpya, unasahau." Kufa ilikuwa imekufa kweli, tena haikuwa hata grauti, ilikuwa saruji nyeupe iliyokorogwa na maji. Nikalipa. Masika yakaja, beseni likarudi. Mwaka uliofuata fundi mwingine, maneno yaleyale, ila huyu akamalizia kwa kupaka dawa inayong'aa juu ya marumaru. Tukaongezewa utelezi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba marumaru na grauti si vya kuzuia maji. Grauti ya saruji hunywa maji kidogokidogo hata ikiwa mpya. Kazi ya kuzuia ni ya ile dawa inayopakwa sakafuni kabla marumaru hazijabandikwa, na kwetu haikuwahi kupakwa. Maji yakishapenya hutambaa juu ya zege mpaka yapate ufa. Ndiyo maana doa la dari lilikuwa karibu mita mbili kutoka mahali yalipokuwa yakiingilia.

Mahali penyewe nilipapata kwa ndoo. Kiangazi, mvua haipo ya kukuchanganya, nilimweka mama chini na beseni lake nikapanda juu. Nikagawa roshani kwa mifuko ya mchanga na kujaza maji sehemu moja baada ya nyingine. Pale kati yalikaa muda wa saa tano, mama akaona unyevunyevu tu. Tundu la kutolea maji, kimya. Nikahamia kizingiti cha mlango. Hazikupita dakika ishirini nikasikia kutoka chini: "Limeanza hilo!"

Nikaazima pima maji. Sakafu ilikuwa inainamia mlangoni badala ya kuinamia tundu, yaani mvua yote ya roshani ilikuwa inakuja kupiga hodi ndani. Hapo ungejaza grauti ya dhahabu isingesaidia. Mteremko unatakiwa uwe sentimita moja hadi moja na nusu kwa kila mita, kuikimbia nyumba.

Fundi wa tatu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, aligonga marumaru moja moja kwa mpini wa mwiko. Nyingi zililia kama debe tupu. Tulipobomoa, mchanga wa chini ulikuwa umeloa kabisa, una chumvi nyeupe, na pembeni nondo mbili zimeshika kutu. Hili ndilo lililonitisha. Kutu huifanya nondo ivimbe na kubandua zege, na kwa sisi tulio jirani na bahari chumvi huharakisha mambo. Alizisugua kwa brashi ya waya, akazipaka dawa ya kutu, akaziba.

Kisha akamwaga sakafu mpya yenye mteremko, akainua kizingiti, na kona ya ukuta na sakafu akaiviringisha kwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, ili dawa ya kuzuia maji isikatike hapo. Tukasubiri ikauke. Dawa ilipakwa mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, ikapanda ukutani sentimita 15 hivi, na kwenye kona na kuzunguka tundu akazamisha neti ya faiba. Ilipokauka tuliziba tundu na kujaza maji kwa saa 24, marumaru zikiwa bado kwenye maboksi. Hapa fundi yeyote atakuharakisha. Kataa. Kama kuna kosa, huu ndio wakati wa mwisho wa kulirekebisha bila nyundo.

Grauti yenyewe ni kazi ya siku moja. Usiikoroge nyepesi, maji mengi huifanya ipasuke na kupauka, na sponji ya kufutia ikamuliwe vizuri. Pale sakafu inapokutana na ukuta weka silikoni, kwa sababu jua la Dar huzitanua marumaru na grauti ya hapo itapasuka tu. Ukiwa na hakika kwamba dawa ipo chini na ni nzima, na kilichochoka ni mistari peke yake, basi kwangua hadi angalau theluthi mbili za unene wa marumaru ndipo ujaze. Wale mafundi wangu wa kwanza walikwangua ngozi ya juu tu.

Kazi hii yote ifanye kati ya Juni na Septemba, na dari ya chini usiipake rangi mpaka ikauke kabisa.

Vuli ilipoanza, mama alisukuma kitanda na kutega beseni kama kawaida. Asubuhi alilikuta kavu, akalichukua kulowekea maharage.