Kumpiga mtu mizinga, au kumpiga kwa mizinga?

Kijana mmoja wa Kirumba hapa Mwanza kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo mwalimu. Mimi na washkaji tunacheza gemu ya vita kwenye laptopu, ile ya kupokezana zamu, mmoja anapanga jeshi lake akimaliza anamwachia mwenzake. Juzi nikaandika kwenye grupu 'kesho nampiga Musa mizinga tatu halafu watembea kwa miguu wangu wanaingia mjini', Musa akajibu 'kaka mwezi umenikalia vibaya, sina kitu', watu wamenicheka siku nzima. Nilitakiwa kusemaje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza Musa hajakosea, na mimi ningekujibu hivohivo. Mtaani kupiga mzinga ni kuomba hela, tena kule kuomba kwa kuvizia, unamsalimia mtu vizuri, unauliza watoto, halafu unamshushia. Ila tatizo lako sio mtaa, ni hicho kitenzi piga. Piga kikishikana na jina bila kitu katikati vinakuwa kitu kimoja, ndo maana tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mbizi pale mwaloni na hakuna anayeumia. Hata ile mizinga 21 ya heshima inapigwa ila hakuna anayepigwa. Sasa wewe unataka Musa apigwe na mzinga uwe kifaa cha kumpigia, basi weka kwa: nampiga Musa kwa mizinga. Neno dogo hilo lakini ndo linalotenganisha vita na deni.

Halafu mizinga mitatu, sio tatu. Mzinga mizinga, mti miti, hapo sina mjadala.

Hili neno lenyewe nalipenda sana kwa kweli. Mzinga asili yake ni kitu cha duara, kirefu, chenye uwazi ndani, kama lile gogo lililochongwa likaning'inizwa mtini nyuki waingie. Watu walipoona bomba la chuma linalotema moto wakaona ni umbo lilelile, na kusema ukweli kinachotoka kwenye yote miwili hutaki kikukute. Ndo maana shirika la Mzinga la kule Morogoro, la jeshi, ukienda kuulizia asali watakushangaa.

Ila sasa angalia, mzinga ni kile kifaa, kinachoruka ni kombora. Umeniandikia pia huko chini (sikuweka yote) kwamba "mzinga umewaangukia askari wangu", hapo mimi naona chuma zima la tani kadhaa limedondoka kutoka mawinguni! Sema kombora limewaangukia. Na bomu la ndege ni jambo lingine, hilo linadondoshwa. Wazee wa hapa wanajua, mwaka 1979 wakati wa vita ya Amin ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza ikakosa shabaha, yale yalikuwa mabomu, sio makombora ya mizinga.

Tuje kwa hao watembea kwa miguu wako. Hao ni mimi na wewe tunaovuka zebra pale Kenyatta Road tukiomba daladala isimame. Wanaopigana waite askari wa miguu, na kundi lao kikosi cha miguu. Usiishie kwenye askari peke yake maana kwa matumizi ya Tanzania ukiandika "askari wameingia mjini" wengi watafikiria polisi, wengine mlinzi wa getini. Ukitaka moja kwa moja sema wanajeshi. Infantri sikukatazi kwenye stori, ila askari wa miguu lipo na halina ugumu wowote.

Umeuliza pia ile hali ya kupiga kwa mizinga kwanza ili adui ashindwe kujibu, hata kama hajafa. Nimewahi kuona vijana wanacheza Panzer General, gemu ya 1994 ambayo hata kompyuta chakavu inaibeba, na hapo ndo utamu wote ulipo: mzinga hauui sana, unawalaza chini, ukishawalaza askari wako wa miguu wanaingia bila kupukutika. Kwa hiyo sema kuwalaza chini, au kuwainamisha vichwa, usihangaike kutafuta neno kubwa. Wakiwa wamejichimbia kwenye handaki ndo kazi inakuwa nzito zaidi, na handaki ni neno la siku nyingi, lina mizizi Uarabuni. Na ukiuweka mzinga jirani na askari wako, adui akiwavamia unampiga kabla hajafika, hiyo ni kuwakinga: mzinga unawakinga askari. Usiseme unawapa sapoti ya moto, maana mimi nitaelewa umewapelekea kuni.

Zamu umesema vizuri, ndo neno lake. Hata wazee wa bao wanachezeana zamu, na wao hawana batani ya kurudisha kete.

Kwa hiyo andika tena kwenye grupu: "Kesho nawalaza askari wa Musa kwa mizinga mitatu, kisha kikosi changu cha miguu kinaingia mjini." Akijibu tena kwamba hana kitu, ujue safari hii anaongelea jeshi lake.