Duka kuwa wakala wa benki: angalia floti kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama duka lako la kijijini linaweza kuwa wakala wa benki ili watu waache kutembea mbali kwenda kuweka vihela vyao. Linaweza kabisa, India kwa mfano benki kuu yao iliruhusu mabenki kutumia mawakala tangu 2006, na wenye maduka madogo wakaruhusiwa 2009. Ila usikimbilie kamisheni, angalia floti, yaani salio lako la uwakala kwenye mfumo wa benki. Mtu akiweka pesa, keshi inaingia kwenye droo na floti yako inapungua, akitoa inakuwa kinyume, sasa fikiria msimu wa mavuno watu wamelipwa kwa simu halafu wote wanakuja kutoa siku moja, saa nne asubuhi droo nyeupe na mama mwenye mtoto mgongoni anarudi mikono mitupu, huyo kumrudisha tena ni kazi kweli. Kwa hiyo kabla hujasaini ulizia wakala mkuu wa kukubadilishia floti kuwa keshi, au keshi kuwa floti, yuko wapi na nauli ya kumfikia inatoka mfukoni kwa nani, hapo ndo wengi wanakwama.

Halafu namba ya siri ya mteja usiijue hata akikubembeleza, mgeuzie kifaa abonyeze mwenyewe, na asiondoke mpaka esemesi imeingia kwenye simu YAKE. Makato yabandike ukutani kwa herufi kubwa na usiongeze hata senti, tafadhali sana, maana ukiongeza unamuumiza yuleyule uliyetaka kumsaidia. Keshi ya duka na ya uwakala droo mbili tofauti, na daftari kila jioni.