Maswali ya Wasomaji: Tembo, Mbuyu na Mkaa

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya miaka mingi ya kuchora kwa penseli, sasa nimeanza kutumia mkaa. Ninajaribu kuchora kundi la tembo mbele ya mbuyu, kama wanavyoonekana katika Hifadhi ya Tarangire wakati wa kiangazi. Hata hivyo, kila picha inaishia kuwa ya kijivu tupu: tembo wanazama ndani ya shina la mbuyu, na mandhari ya nyuma inaonekana kama imebandikwa baadaye. Je, kosa ni la mkaa wa jikoni ninaoutumia? – Msomaji, Babati

JIBU: Ndugu msomaji wa Babati, mkaa wako una sehemu ndogo ya lawama, nami nitaurudia hapa chini. Chanzo kikubwa ni utaratibu wa kazi. Mandhari inayoonekana kubandikwa kwa kawaida ni dalili kwamba mchoraji alimkamilisha mnyama hadi mikunjo ya ngozi, kisha ndipo akamtafutia mahali pa kusimama. Kwa penseli utaratibu huo huvumilika, lakini mkaa hauukubali, kwa sababu nguvu yake haimo katika mstari bali katika mapana ya giza na mwanga, na weusi wa tembo hauwezi kupimwa mpaka ijulikane kilicho nyuma yake ni cheusi kiasi gani.

Ugumu wa mada uliyoichagua ni kwamba ngozi ya tembo na gome la mbuyu zinakaribiana mno kwa rangi. Kwa hiyo tenganisha viwili hivyo kwa mwanga. Chukua kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja, ugawe picha nzima katika viwango vitatu tu, yaani cheupe, kijivu na cheusi, na uchague saa ambayo jua linatoka ubavuni, asubuhi mapema au jioni. Mgongo uliopigwa na jua uuweke mbele ya upande wa shina ulio kivulini; tumbo na miguu iliyo kivulini iiweke mbele ya nyasi kavu zinazong'aa. Tembo huyohuyo atakuwa mweupe kuliko kilicho nyuma yake kwa juu, na mweusi zaidi kwa chini, wala hutahitaji kumzungushia mstari. Picha zilizopigwa saa sita mchana hazifai kuwa kielelezo, kwani jua la utosini humnyima mnyama unene wake.

Jambo hili si jipya. Katika pango la Chauvet nchini Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1994, kuna simba na vifaru waliochorwa kwa mkaa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na baadhi ya sehemu za ukuta zilikwanguliwa kwanza hadi zikawa nyeupe ili wanyama waonekane vizuri. Wachoraji wale waliandaa mahali kabla ya mnyama, na ndivyo ninavyokushauri ufanye.

Paka mkaa laini karatasi nzima, uusambaze kwa kitambaa cha pamba hadi upate kijivu kimoja, kisha utoe mwanga kwa raba: anga, nyasi, migongo, na vumbi linaloinuka miguuni. Vilima vya mbali viache hafifu, vyenye kingo laini, na weusi mzito kabisa uuhifadhi kwa vilivyo karibu, kwa mfano chini ya tumbo na kwenye mikunjo ya masikio. Ukiuweka weusi huo kwenye vilima, vitasogea mbele na kuharibu umbali wote.

Kuna kitu kingine ambacho wachoraji wengi hukiacha. Wakati wa kiangazi tembo wa Tarangire huchubua magome ya mibuyu na kutafuna mti wake wenye unyevunyevu, hivyo mashina mengi yana makovu mapana hadi pale pembe zinapofika. Yachore makovu hayo, nawe utaona mbuyu ukiacha kuwa pazia la nyuma. Matawi yasiwe na majani, maana huo ni msimu wa ukame. Kuhusu miguu, ambayo karibu kila mwanafunzi huifanya miembamba, kumbuka kwamba mzingo wa unyayo wa mbele wa tembo ni takriban nusu ya kimo chake begani. Maana yake upana wa unyayo ni karibu sehemu moja ya sita ya kimo hicho.

Sasa mkaa. Ule wa jikoni hutokana na miti migumu, kwa hiyo hukwaruza karatasi na haufutiki sawasawa. Chukua vijiti vyembamba vya mti laini, uvimenye, uvipange ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo, uliweke motoni hadi moshi ukome kutoka tunduni, kisha uliache lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa moto, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu. Mkaa wa dukani ulioshindiliwa ni mweusi zaidi lakini haufutiki kwa urahisi, basi uutumie mwishoni tu.

SWALI: Michoro yangu ya mkaa inapukutika ikining'inizwa ukutani. Je, naweza kuipulizia dawa ya nywele? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dawa ya nywele huweza kuifanya karatasi iwe ya manjano baada ya muda. Tafuta dawa maalumu ya kukazia michoro, uipulizie nje ya nyumba kwa tabaka nyembamba, ukijua kwamba hutia giza kidogo sehemu nyeupe. Katika fremu, weka kadi ya pembeni ili kioo kisiguse mchoro, na uepuke plastiki badala ya kioo, kwa kuwa umeme tuli wake huvuta chembe za mkaa. Kwa unyevu wa pwani, usiutundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua.