Unautaka Uwakilishi Wadi Nairobi Mwaka 2027? Soma Hii Kabla Hujachapisha Mabango

Uchaguzi ukianza kunukia, simu yangu hailali. Wanaopiga ni vijana na akina mama wanaotaka kugombea wadi hapa Nairobi, na swali lao la kwanza ni pesa: inahitajika ngapi? Nimefanya kampeni za wadi tangu uchaguzi wa 2013, ule wa kwanza chini ya serikali za kaunti, na baadaye nikaendesha ofisi ya mwakilishi aliyeshinda. Pesa ina kazi yake, sikatai. Lakini wengi niliowaona wakianguka waliangushwa na fomu, daftari na kalenda, huku mikutano yao ikiwa imejaa watu hadi barabarani.

Kwanza ielewe kazi unayoiomba. Wazee wa mitaani bado wanamtazama MCA, yaani mwakilishi wadi katika Bunge la Kaunti, kwa macho ya enzi za Baraza la Jiji, lile ambalo Charles Rubia aliliongoza kama meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1962, na Margaret Kenyatta akawa meya wa kwanza mwanamke mwaka 1970. Baraza lile liliendesha jiji lenyewe, na kamati za madiwani zilikuwa na mkono katika kazi za kila siku. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Bunge la Kaunti hutunga sheria, hupitisha bajeti na kumchunguza gavana na mawaziri wake, na Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 9, inamkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utendaji.

Kwa hiyo ukipanda juu ya gari na kutangaza kwamba utajenga barabara, unaahidi kitu ambacho saini yako haiwezi kukitoa. Mimi huwashauri wagombea waseme hivi: barabara hii nitaipigania iingie kwenye bajeti, na siku itakapoingia nitawaletea ukurasa wenye jina lake muusome wenyewe. Watu wanaelewa. Mama anayeuza mboga kando ya mtaro uliofurika anajua tofauti ya mtu anayemdanganya na mtu anayemweleza jambo linavyokwenda.

Sasa tiketi. Katika wadi nyingi za Nairobi, chama kikubwa cha eneo lile kikikupa tiketi umeshavuka nusu ya mto, kwa sababu wapo wapiga kura wengi wanaokipigia chama kimoja kura zote sita za siku ile, kuanzia urais hadi wadi. Ndiyo maana mchujo wa chama huwa mkali kuliko uchaguzi wenyewe. Jisajili kwenye chama mapema, soma katiba yake na kanuni zake za uteuzi, na ukidhulumiwa anza na kamati ya rufaa ya chama kabla ya kukimbilia Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Jopo likikuuliza kama uliyamaliza ya chamani, uwe na barua mkononi. Muda wa kesi hizi ni mfupi mno. Anayeanza kutafuta wakili baada ya kunyimwa cheti huwa amechelewa.

Anayetaka kusimama kama mgombea huru ana mtego wake. Katiba inataka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi ile. Mnakumbuka mwaka 2021, Wakenya wengi walipogundua kwamba majina yao yamo kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Nenda ukaangalie rekodi yako kwa Msajili wa Vyama vya Siasa leo, usingoje mwaka ufike. Wanaokutilia saini pia waangalie zao. Na usikusanye saini 500 kamili. Kusanya mara mbili yake, maana nyingine zitakataliwa.

Walimu na watumishi wengine wa umma, kumbukeni kuna tarehe ya kujiuzulu. Mwaka 2022 ilikuwa Februari 9, miezi sita kabla ya kura. Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, haipaswi kumtisha mtu: kwa kiti cha wadi ilikuwa shilingi 5,000, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Dada zangu, hapa nasema kwa uchungu. Nimeketi kwenye vikao ambapo mwanamke aliyeijua wadi kuliko wanaume wote mle ndani aliambiwa aache kiti, atateuliwa baadaye kupitia orodha ya chama, ile ya viti visivyopigiwa kura. Orodha ile hupangwa na watu ambao hutawaona, na jina lako linaweza kushuka usiku mmoja bila mtu kukueleza lolote. Kama una watu wanaokuamini, gombea. Viti vya kuchaguliwa Nairobi ni 85, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina la mwanamume.

Tuje siku ya kura, mahali ambapo nimeona machozi mengi zaidi. Kiti cha wadi hupatikana au hupotea kwa kura mia mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Kura ya MCA mara nyingi huhesabiwa mwisho, usiku wa manane, baada ya urais, ugavana, useneta na mengine. Saa hizo wakala wako amekaa kituoni tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ana njaa, simu imezima, na wa upande mwingine anampa chai na maneno matamu. Akisinzia au akiondoka, umebaki bila macho.

Chagua mawakala kwa tabia, usiwachague kwa sauti. Binti mtulivu anayeandika vizuri ni bora kuliko kijana mashuhuri wa mtaa. Weka wawili kwa kila kituo wapokezane, wapelekee chakula mwenyewe, wape betri ya akiba ya simu na uwalipe kwa wakati. Wafundishe Fomu 36A ilivyo, maana ndiyo yenye matokeo ya kituo chenu. Kabla hawajatia saini, wajumlishe tarakimu. Kisha waipige picha, waitume, na waondoke na nakala. Nyinyi mlioko ofisini jumlisheni fomu za vituo vyote, mpate jumla yenu kabla msimamizi hajatangaza yake kwenye Fomu 36B. Tofauti ikijitokeza, mnaonyesha karatasi. Kelele hazijawahi kubadilisha tarakimu.

Ukiamua kwenda mahakamani, una siku 28 tangu matokeo yatangazwe. Kesi ya wadi husikilizwa na hakimu, na unaweka dhamana ya shilingi 100,000. Bila zile fomu, hiyo pesa ibakize nyumbani usomeshe watoto.

Sasa tuseme umeshinda. Jambo hili wengi hawaambiwi: bajeti utakayoikuta si yako. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, nawe unaapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti. Fedha za mwaka wako wa kwanza zimeshapangwa na waliokutangulia, na pengine na yule uliyembwaga. Zaidi ya hapo, mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka unaofuata unatakiwa kufikishwa bungeni ifikapo Septemba 1, kabla hujajua mlango wa kamati uko wapi. Watu wanauliza mbona kimya, nao wana haki ya kuuliza.

Ndiyo maana nasisitiza uandike orodha ya miradi ya wadi yako wakati wa kampeni, kila mmoja na mahali pake hasa, ukiwa umekaa na wenyeji kuupanga. Wiki ya kwanza ipeleke kwa maafisa wa mipango wa kaunti. Halafu vizia bajeti ya ziada. Hapo ndipo mgeni hupata nafasi ya mwanzo. Februari 28 ni mwisho wa Hazina ya Kaunti kuwasilisha mwongozo wa mkakati wa fedha, na Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Mwongozo ule ndio unaoweka vikomo vya fedha kwa kila idara, kwa hiyo anayeamka Mei kudai taa za barabarani anakuta idara imeshajaza fungu lake. Omba kuwekwa Kamati ya Bajeti hata kama wenzako wanakimbilia zenye safari. Na vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, wapeleke watu wa wadi yako wakiwa na orodha ileile, waisome mbele ya maafisa, na uhakikishe imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.