Kabla hujaacha darasa, hesabu siku

Simu ya kaka ilinikuta saa tisa usiku nikiwa shifti, nambadilishia bibi mmoja shuka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Marekani. Mama kapigwa na kiharusi, kalazwa Tanga. Siku tatu baadaye nilikuwa kwenye ndege. Nilimuaga meneja, nikamuaga mwenye nyumba, jirani nikamwachia funguo ya sanduku la barua. Chuo sikukiaga. Nilikuwa muhula wa pili, masomo manne, krediti 12 (ndivyo vyuo vinavyopima uzito wa masomo), na akilini mwangu chuo kilikuwa kitu cha kurudia ukipata nafasi.

Nilirudi katikati ya Novemba. Mama alikuwa anaanza kutembea na mkongojo. Darasani niliona haya kuonekana, nikajiambia muhula umeshakwenda, bora nifanye shifti nyingi nirudishe nauli. Desemba zikatoka F nne. Januari ikaja bahasha: nadaiwa na chuo dola 1,260, na akaunti yangu imefungwa, siwezi kujisajili.

Nawaandikia wadogo zangu mliofika Marekani juzi, wenye grini kadi na mliokuja kwa ukimbizi kutoka Nyarugusu, Kakuma na kwingineko, mnaojaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kusomea chuo, kwa mara ya kwanza. Wenye viza ya mwanafunzi ya F-1 msaada huu wa serikali kuu hauwahusu. Fomu mtapata wa kuwasaidia kuijaza. Kila mtaa una dada au kaka mmoja mtaalamu. Kinachofuata baada ya fomu ndicho watu hawakisemi.

Tunaambiana kwamba Pell Grant, ile ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo inayoombwa kwa FAFSA, ni pesa ya bure. Ni kweli hairudishwi kama mkopo, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Lakini mimi sasa naiona kama kibarua kinacholipwa kabla ya kazi. Unapewa posho ya muhula mzima mwanzoni, halafu unaichuma siku kwa siku kwa kuhudhuria. Ukiondoka njiani kwenye masomo yote, chuo kinalazimika kupiga hesabu: umechuma siku ngapi, na zilizobaki pesa yake irudi serikalini. Ukivuka asilimia 60 ya siku za muhula, yote ni yako. Kabla ya hapo, unahesabiwa siku zako tu.

Hesabu yangu mama mmoja wa kwenye kaunta ya ofisi ya msaada wa fedha chuoni alinichorea nyuma ya bahasha ileile. Nilipewa Pell ya dola 3,000 kwa muhula. Ada ilikuwa 1,800, chuo kikaikata, zikabaki 1,200 wakanitumia benki. Hizo ndizo nilizokatia tiketi. Muhula ulikuwa wa siku 110, Jumamosi na Jumapili zimo. Likizo ya siku tano mfululizo au zaidi ndiyo isiyohesabiwa. Kwa kuwa sikuaga, walitafuta alama yangu ya mwisho darasani, wakaipata: jaribio dogo la biolojia nililotuma siku ya 33. Siku 33 kwa 110 ni asilimia 30. Kwa hiyo nilichuma dola 900, na 2,100 sikuzichuma. Chuo kilitakiwa kurudisha asilimia 70 ya ile ada, yaani 1,260, kikairudisha, kisha kikanigeukia mimi, maana kwao muda wa kurudishiwa ada ulishapita na ada bado nadaiwa. Zilizosalia 840 zilikuwa upande wangu, ila kwa ruzuku sheria inamlinda mwanafunzi: hudaiwi mpaka kiasi kivuke nusu ya ruzuku uliyopewa. Hapo nikasalimika.

Kisha yule mama akaniuliza, "Ulirudi lini hapa mjini?" Nikamtajia tarehe. Akahesabu kwa kidole kwenye kalenda. Ilikuwa siku ya 82. Asilimia 60 ya siku 110 ni 66. Kama siku ile ya 82 ningeingia darasani, nikafanya mtihani hata nikapata sifuri ya haki, ile karatasi ingekuwa ushahidi kwamba nilikuwepo baada ya asilimia 60, na dola 1,260 nisingedaiwa. Haya yangu ilinigharimu kiasi hicho. Nilikilipa dola 105 kwa mwezi, miezi 12, nikiwa nje ya chuo.

Tambueni pia kuwa kufungua ukurasa wa somo mtandaoni na kuufunga hakuhesabiwi kuhudhuria. Kinachohesabiwa ni kazi: kutuma zoezi, kufanya mtihani, kuchangia mjadala wa somo. Na barua ya daktari haifuti hesabu hii. Wengi wanadhani ukiumwa chuo kinasamehe. Chuo kinaweza kusamehe ada yake kikipenda, lakini ile hesabu ya serikali ya siku inapigwa hata kwa mgonjwa.

Hilo ni deni. Upande wa pili ni maendeleo ya masomo, vyuo vinaita SAP, na hapa ndipo vijana wengi wanapoteza msaada bila hata kusafiri. Kila chuo kina maandishi yake, ila mifupa ni ileile: GPA, yaani wastani wa alama zako, kwa kawaida isishuke chini ya 2.0, kasi, yaani krediti ulizofaulu ukigawa kwa ulizojaribu, vyuo vingi asilimia 67, na kikomo, usijaribu zaidi ya asilimia 150 ya krediti za programu yako. Diploma ya krediti 60 kikomo chake ni 90.

Neno la kulikazia macho ni "ulizojaribu". F imejaribiwa. W, ile herufi ya kujiondoa rasmi, imejaribiwa. Ninyi mnaambiwa W haina madhara kwa sababu haigusi GPA, na kwa GPA ni kweli. Kwenye kasi inakula sawasawa na F. Somo lisilokula ni lile ulilolidropu katika siku za mwanzo, kabla ya tarehe chuo kilichoweka. Hilo halionekani popote, ingawa Pell yako inaweza kupunguzwa kulingana na krediti zilizobaki.

Muhula wa kwanza nilifaulu krediti 12 kwa GPA ya 3.0. Wa pili, F nne. Kasi yangu ikawa 12 kwa 24, asilimia 50, na GPA 1.5. Ningejiondoa rasmi kwa kujaza fomu, ningepata W nne: kasi ingekuwa ileile 50, lakini GPA ingebaki 3.0. Fomu yenyewe ilikuwa ya mtandaoni. Ningeijaza uwanja wa ndege nikisubiri kuitwa.

Nilipomaliza deni nikarudi kwa onyo. Vyuo vinavyopima kila muhula vinaweza kukupa muhula mmoja wa onyo, unasoma na msaada bado unao, lakini lazima upande. Nikarudia masomo yaleyale manne, nikafaulu yote. Sasa 24 kwa 36. Pigeni wenyewe: 66.66. Karatasi ya chuo imeandikwa 67. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaambiwa wao hukadiria kwenda juu. Si kila chuo hufanya hivyo, kwa hiyo msiache kuuliza kabla ya kupanga muhula. Wakati mwingine somo moja dogo la krediti moja lingekuokoa presha.

Ukishindwa kupanda baada ya onyo, msaada unakatwa, na unabaki na rufaa. Kuna mdogo wetu mmoja hapa, kafiwa na baba Bukavu, aliandika barua ya kurasa nne. Mimi niliisoma nikalia. Kamati ikaikataa. Tulipokaa kuiandika upya ikatoka ukurasa mmoja. Kamati inataka mawili tu: nini kilitokea, na nini kimebadilika hata isitokee tena. Barua ya kwanza ilijaa la kwanza, la pili halikuwemo hata kwa mstari. Ya pili ilikuwa na cheti cha kifo pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, na karatasi ya kazini inayoonyesha ametoka shifti ya usiku amehamia wikiendi. Ikapita, akapewa na mpango wa masomo wa kufuata muhula kwa muhula. Sisi tumelelewa kuficha shida na kumwachia Mungu. Kamati haioni kilicho moyoni, inaona kilichoambatanishwa.

La Kiingereza nalisema kwa haraka ingawa lina uzito. Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kwa krediti kamili, kwa vyuo vyote utakavyopita. Kozi za kujifunza Kiingereza chuoni zikilipwa kwa Pell zinaila hiyo mihula. Maeneo mengi yana madarasa ya Kiingereza ya bure kwa watu wazima, kwenye shule za wilaya na maktaba. Anzieni huko. Na kuhamahama fani, leo unesi, kesho kompyuta, keshokutwa biashara, nako kunaumiza: krediti zinarundikana kwenye zile 90 wakati diploma haisogei.

Mkopo sina mengi ya kusema, sikuchukua. Jueni tu kwamba ukishuka chini ya nusu ya masomo, mara nyingi krediti 6, saa ya miezi sita inaanza kuhesabu kabla hujaanza kulipa.

Jambo ambalo ningependa ningalilijua usiku ule wa simu ni hili: ile hesabu ya siku inakuja ukiacha masomo yote. Ukibaki na moja, ukalisoma mpaka mwisho, hujaondoka chuoni. Nilikuwa na somo moja la mtandaoni. Laptopu nilisafiri nayo. Wodini nilikuwa nakaa saa nyingi mama akiwa amelala, nikitazama video. Ila kama masomo yenu ni ya wiki nane nane, si ya muhula mzima, taratibu zake zinabadilika, mwende kaunta wawaeleze upya.

Mwaka uliopita mwezi wa kumi, kijana wa Uvira tunayekaa naye jengo moja alinigongea. Wenzake wamempatia kazi kiwanda cha nyama huko Iowa, anaondoka Jumapili, chuo basi. Nikamuuliza ni siku ya ngapi ya muhula. Akacheka. Tukahesabu kwenye kalenda ya friji yangu, ilikuwa ya 58. Jumatatu akaenda ofisi ya msaada wa fedha kuuliza. Akaondoka siku ya 67, W tatu kwa fomu, akabaki na somo moja la mtandaoni, mazoezi anayatuma kwa simu akiwa kwenye gari la wafanyakazi. Alikuwa amefaulu krediti 24 kabla ya hapo. Lile moja akalipita kwa C, akawa na 27 kwa 36, asilimia 75. Januari kiwanda kilimshinda kwa baridi, akarudi akajisajili, hadaiwi hata senti.