.223 au .308? Kwa kaka wa Magu

Kaka, salaam. Umeuliza uchukue bunduki ya Tikka au Remington 700, na risasi ya ukubwa upi, .223 ndogo au .308 kubwa, kwa kulenga shabaha na kufukuza ngedere shambani. Mimi ningechukua .223. Teke lake ni dogo, utafyatua asubuhi nzima bila bega kuuma, na kwa mita 200 inatosha kabisa. .308 ni ya mnyama mkubwa, na risasi zake zinakula hela.

Halafu chungulia jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kasi ya michirizi ndani ya mtutu, ile inayozungusha risasi ikitoka. Remington 700 nyingi za zamani za .223 huzungusha risasi mara moja kila inchi 12, zinapenda risasi nyepesi za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 40 hadi 55. Tikka T3x Varmint huzungusha kila inchi 8, kwa hiyo inashika pia za greni 69 na 77, ambazo upepo wa ziwani hauzisukumi sana. Mtutu wake mnene hauyumbi ukipata moto, ila kuubeba kutwa ni kazi. Kwangu Tikka inashinda. Bakiza pesa ya darubini nzuri ya kulengea.

Kibali cha polisi kwanza, bunduki baadaye. Ngedere nao ni wanyamapori, muone afisa wanyamapori wa halmashauri kabla hujafyatua.

Na tafadhali sana, kaka, usilenge kuelekea mawe yetu haya wala majini. Risasi inaruka, na huko kuna wavuvi na watoto wanaochota maji. Tafuta kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo nyuma ya shabaha.