Nimepima taifodi mara tatu, bado 1:160. Nirudie sipro?

SWALI: Shikamoo dada nesi. Nipo Mbagala, nina miaka 27. Tangu mwezi wa tatu nimepima taifodi mara tatu na kila mara inakuja 1:160. Nimemaliza dozi mbili za sipro na sindano za siku tano. Homa sina, ila tumbo linajaa gesi, nachoka sana na siku hizi kisigino kinauma nikiamka. Pale maabara wanasema ni taifodi sugu nirudie sipro. Nirudie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usirudie. Na kabla ya tumbo, hicho kisigino ndo kimenishtua, sipro, hiyo antibayotiki, inajulikana kwa kuumiza kano hasa ile nene ya nyuma ya mguu inayoshika kisigino, kwahiyo pumzisha mguu, nenda kwa daktari umtajie dozi zote ulizomeza, asije akakwambia ni viatu.

Haya, hiyo 1:160. Yani karibu kila wiki naletewa karatasi kama yako. Kipimo walichokupima ni Widal, kipo tangu 1896, na HAKITAFUTI MDUDU. Kinatafuta antibodi, wale askari ambao mwili umeshawatengeneza, na wakishatengenezwa wanakaa miezi, wengine miaka, mdudu mwenyewe keshakufa zamani. Kupima Widal uone kama umepona ni sawa na kukuta majivu jikoni useme moto bado unawaka. 160 sio idadi ya wadudu jamani! Ni kwamba damu yako imezimuliwa mara 160 na bado imeshikana na dawa ya kupimia, basi. Na inaweza kushikana kwa sababu ya malaria, au ndugu wengine wa salmonela, huyo mdudu wa taifodi, au hata ulichanjwa.

Halafu ukiona kinavyopimwa mtaani utacheka ulie. Tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya bluu, unatikisa taratibu, unasoma ndani ya dakika moja. Sasa simu imeita, mtu karudi dakika ya nne tone limeanza kukauka pembeni limekuwa chengachenga kama lililoshikana, anaandika positivu, wewe unatoka na mfuko wa dawa.

Taifodi ya kweli inatafutwa kwa kuotesha damu maabara waone kama mdudu mwenyewe ataota, mtu mzima anatolewa kama mililita 10, kabla hajagusa antibayotiki, na majibu ni siku kadhaa, na hata hapo wengine inawakosa. Ila wewe homa huna, kwanini tunakimbizana na taifodi? Huo uchovu waangalie wingi wa damu kwanza, na sukari, na mimba usiifiche, gesi wapime choo kama kuna H. pylori yule wa vidonda vya tumbo. Ukipata homa inayopanda siku hadi siku na tumbo kuuma hapo ni habari nyingine, wahi hospitali.

Kinachonikera ni hii biashara ya "una taifodi na UTI", kila anayeingia anazo zote mbili. Na wale wa kukushikisha chuma, mashine inatoa kurasa ishirini za ini, figo, mpaka nyota yako, bila hata tone la damu, halafu mwisho wanakuuzia virutubisho vya laki tatu! Watu wanalipa, tena wanashukuru.

Kuna baba mmoja aliwahi kuletwa wodini kwetu amekonda suruali imefungwa kamba, mkewe kabeba bahasha ya kaki. Ametibiwa taifodi mwaka na nusu. Usiku mzima anakohoa. Tukapima makohozi, TB. Kwenye ile bahasha nilihesabu karatasi saba za Widal, ya makohozi haikuwepo hata moja.